Kiota Kilichotafutwa Miaka Mia

Ukitoka mji wa Kilifi na kushika barabara ya Malindi, msitu wa Arabuko-Sokoke unakuja mkono wa kushoto. Humo yumo ndege ambaye duniani kote hapatikani ila Kaunti ya Kilifi: kwera wa Clarke. Dume lake lina kichwa na kifua cheusi, na tumbo la manjano. Stephenson Clarke, mtaalamu wa ndege kutoka Uingereza, alimwandika katika vitabu vya sayansi mwaka 1913. Tangu hapo karne nzima ilipita, na hakuna mtaalamu aliyejua anataga wapi.

Jambo hili lilishangaza, maana kwera kwa kawaida hawafichi nyumba zao. Hujenga kwa makundi, hupiga kelele, na viota vyao vinaning'inia hata kwenye minazi ya uani. Huyu wa Clarke alionekana huko juu kwenye miti ya mirihi, akitafuta wadudu kati ya majani pamoja na ndege wa jamii nyingine, kisha miezi mingine akatoweka kabisa Arabuko-Sokoke. Kwa kuwa anakula mirihini, watafutaji walitazamia kwamba na kiota chake kiko mirihini. Wakainua shingo, mwaka hadi mwaka.

Machi 2013, watafiti wa shirika la Nature Kenya, akiwemo Fleur Ng'weno, walimpata akijenga Dakatcha, kaskazini ya mto Sabaki. Hakuwa juu ya mti. Viota vilikuwa chini, kwenye nyasi za jamii ya ndago zilizoota ndani ya bwawa la msimu.

Dakatcha ni nchi kavu. Jua likiwaka, mahali pa bwawa hapo ni uwanda wa udongo uliopasuka, na mgeni anaweza kupita asijue kuna nini. Mvua ikinyesha ya kutosha, maji yanatuama, ndago zinachipua, wadudu wanazaliana kwa wingi, na makinda yanapata chakula. Maji yaliyozunguka shina la nyasi pia humzuia adui anayetembea kwa miguu. Mvua ikikosekana hakuna bwawa, na pasipo bwawa hakuna kiota. Ndiyo maana mtu angeweza kupita pale pale mwaka mmoja, asione kitu, akaondoka.

Kwangu mimi, uzito wa ugunduzi huu uko hapa: ndege huyu anahitaji nyumba mbili, msitu wa kulia na maji ya kuzalia. Arabuko-Sokoke ni hifadhi ya serikali. Dakatcha sehemu kubwa ni ardhi ya wananchi, na mirihi inakatwa kwa mkaa, huku mashamba ya mananasi yakisogea. Tukilinda Arabuko peke yake tutakuwa tumelinda jiko tukaacha chumba cha kuzalia kibomolewe.

Wala bwawa hilo si la kwera tu. Mabwawa ya namna hiyo ndiyo yanayonywesha ng'ombe na mbuzi. Wafugaji na wakulima wa Kigiriama wanajua maji yanasimama wapi na kwa muda gani. Hao ndio wa kutembea na wapima ardhi, mvua ikiwa imenyesha, kila bwawa liingie kwenye ramani kabla viwanja havijagawanywa. Ramani iliyochorwa kiangazi itaonyesha pale pako tupu, na mtu atauziwa.