Kihisi Hakiulizi Habari za Gofu

Mwaka 2001, Linda Fried na wenzake nchini Marekani walichapisha kipimo cha udhaifu wa uzeeni ambacho bado kinatumika kwingi duniani. Kina alama tano: kupungua uzito bila kukusudia, uchovu, mshiko hafifu wa mkono, mwendo wa polepole na kutojishughulisha. Mwenye alama tatu au zaidi ni dhaifu. Mwenye moja au mbili yuko njiani. Utata uko kwenye hiyo ya tano. Wazee wa utafiti huo waliulizwa kuhusu kutembea na kazi za nyumbani, sawa, lakini pia kukata nyasi za uani, tenisi, boling na gofu.

Mpelekee maswali hayo shosho wa Kariobangi, Nairobi, anayekatakata sukuma wiki kibandani kutwa nzima, kisha jioni akabeba mtungi wa maji wa lita 20. Gofu? Atacheka.

Kihisi mwendo, kifaa kinachofungwa mwilini kupima jinsi mtu anavyosogea, hakina maswali. Ndani yake mna kipande kidogo mno cha silikoni kilichoshikiliwa na vispringi. Mwili ukisogea, kipande kinayumba na umeme wa hapo, unaopimwa makumi ya mara kwa kila sekunde, unabadilika. Hata mtu akitulia, kifaa huhisi mvutano wa dunia, kwa hiyo hujua upande wa chini uko wapi. Ukikifunga pajani kinatofautisha kukaa na kusimama bila kubahatisha: aliyekaa, paja limelala, aliyesimama, limeinuka.

Mahali pa kukifunga ndipo wengi wanapokosea. Saa ya mkononi inaweza kuhesabu mkono wa mama mboga unaopanda na kushuka na kisu kuwa hatua za kutembea. Halafu akibeba mtungi mkono ukiwa umekazwa, au akishika mkongojo wa miguu minne, hatua za kweli zinapotea. Na wale akina nyanya wa Korogocho wa kikundi cha Cucu Jikinge, wanaojifunza ngumi na mateke ili kujilinda na wabakaji, idadi ya hatua itasema nini kuhusu nguvu zao? Machache sana.

Kliniki ina vipimo vyake rahisi. Mzee akichukua zaidi ya sekunde 5 kutembea mita 4, mwendo wake uko chini ya mita 0.8 kwa sekunde, na hapo daktari huanza kuwa makini. Kuinuka kitini mara tano bila kujisaidia kwa mikono kukizidi sekunde 15, miguu imepungua nguvu. Saa ya kuhesabia sekunde itatoa jumla ya muda tu. Kihisi cha kiunoni kinaonyesha muda umepotelea wapi: kwenye kujiinua, kwenye hatua zisizolingana, au kwenye kugeuka, ambako wazee wengi huyumba.

Kituo cha utafiti cha APHRC kilianza kufuatilia kaya za Korogocho na Viwandani mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2006 hadi 2007 wakazi wa miaka 50 na zaidi waliulizwa kuhusu afya yao. Majibu ya mdomo yana thamani yake. Kule wilaya ya Hai, Tanzania, watafiti walitunga kabisa kipimo kifupi cha udhaifu kinachowafaa wazee wa huko. Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, nayo ingehitaji kufanyiwa hivyo, kwa sababu hapa nyumba yenyewe huingilia matokeo. Mzee wa orofa ya tano kule Pipeline, kwenye ploti isiyo na lifti, huenda akashuka mara moja kwa wiki. Takwimu zake zitafanana na za mgonjwa.

Ndiyo maana inafaa apimwe mara mbili: kwanza kwenye ukumbi tambarare wa kliniki, kisha wiki nzima nyumbani. Akitembea vizuri ukumbini na nyumbani hatoki, familia ianze kutafuta chumba cha chini. Akishindwa kote kuwili, daktari aangalie kama kuna dawa za presha zinazomletea kizunguzungu, ampangie mazoezi ya kuinuka kitini kila siku, na aulize sahani yake ina maharagwe, mayai au omena kiasi gani.