Adabu ya Kike na ya Kiume kwa Mwanafunzi Mgeni

Katika lugha zetu za Kibantu neno "yeye" ni moja tu kwa mwanamume na kwa mwanamke. Tukisema "amekuja", msikiaji hajui kama aliyekuja ni mvulana au msichana. Kisukuma ni vivyo hivyo. Kwa sababu hiyo mgeni ajaye kusoma katika nchi za ziwa aweza kudhani ya kwamba desturi zetu nazo hazitofautishi. Sivyo. Lile ambalo ulimi haulitaji, mwili hulitaja. Na mgeni hupimwa kwa kanuni ambayo hakufundishwa.

Wanafunzi wa namna hiyo si wachache katika Mwanza, hasa tangu mwaka 1998, kilipoanzishwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino huko Malimbe, karibu na Nyegezi. Hujifunza upesi kwamba Wasukuma huamkiana "mwangaluka" asubuhi, na "mwadila" mchana na jioni. Maneno hayo husemwa na wote, wake kwa waume. Lakini binti aliyelelewa kwa desturi ya zamani hupiga magoti amwamkiapo mzee, na tena ampapo maji ya kunawa au chakula. Ndivyo wafanyavyo na Wahaya, upande wa magharibi wa ziwa. Mvulana hadaiwi magoti kwa kadiri ile.

Sasa tumfikirie binti atokaye pwani, apangaye chumba katika nyumba ya wenyeji. Asubuhi amwambia mama mwenye nyumba "Shikamoo", naye amesimama. Kwake heshima imo katika neno lenyewe, maana asili yake husemwa kuwa "nashika moo", yaani nashika miguu yako. Watu wa pwani wameiweka miguu ya mzee katika maneno, na watu wa huku wameiweka heshima ile ile katika magoti. Walakini mama aona binti aliyesimama, asema moyoni, "Huyu ana kiburi." Binti naye awaona wasichana wa nyumba wakipiga magoti na kaka zao wamesimama, asema, "Huku mwanamke ni mtumwa." Kila mmoja ameisoma barua ya mwenzake kwa herufi za kwao.

Jambo hili si letu peke yetu. Vijana wa Afrika ya Mashariki waendao kusoma Japani, wengine kwa msaada wa masomo ambao serikali ya nchi hiyo iliuanzisha mwaka 1954, hukutana na kinyume chake: huko tofauti imo kinywani. Mwanamume ajitajapo husema "boku", au "ore" akiwa na rafiki zake. Wanawake wengi husema "watashi", au "atashi" katika mazungumzo ya kawaida. Penye adabu kubwa "watashi" ni la wote. Basi mvulana aliyejifunza kwa kuiga usemi wa mwalimu wa kike aweza kuchekwa, na binti asemaye "ore" hushangaza watu. Lakini penye shughuli za heshima, Wajapani wa kale waliketi juu ya magoti, wanaume kwa wanawake, na hata leo baadhi yao huketi hivyo. Kumbe magoti yenyewe si ya kike wala si ya utumwa. Maana yake hutiwa na watu.

Methali yasema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Ni kweli, walakini kazi yenyewe hugawanywa. Msichana huitwa jikoni na kisimani; mvulana akiingia jikoni kusaidia, hutolewa kwa kicheko. Hapo ndipo penye hatari. Binti aitwaye mwenye kiburi hukosa watu wa kumwonya, na pengine hukosa hata chumba. Na yule asifiwaye kwa utii aweza kumaliza jioni zake zote kwa kuteka maji na kupika, hali mwenzake wa kiume asoma kitabu.

Kwa hiyo yatupasa sisi waalimu kufanya mambo matatu. Kwanza, tumweleze mgeni kanuni hizi siku ya kwanza, pamoja na maana zake, tusingoje akosee. Pili, tuwaambie wenyeji ya kwamba salamu ya mgeni aliyesimama yaweza kuwa na heshima kamili. Tatu, tutenge salamu na mzigo. Kupiga magoti mbele ya mzee ni salamu, nayo huchukua muda mfupi. Mgeni aweza kuifuata bila hasara. Kumnyima msichana saa zake za kusoma si salamu, wala si adabu ya kabila lo lote. Hapo mwalimu asinyamaze kwa kuogopa kuambiwa kwamba avunja mila.