Matibabu Bila Kinga Masisi na Walikale
Huko Masisi na Walikale, Kivu ya Kaskazini nchini Kongo, bima ya afya ni ya wachache. Sheria ya Februari 2017 iliweka misingi ya mifuko ya kusaidiana, lakini familia nyingi bado hujilipia matibabu. Kinga yao kubwa ni huduma ya bure ya mashirika ya misaada. Shirika la Médecins Sans Frontières (Madaktari Wasio na Mipaka) limeisaidia Hospitali Kuu ya Masisi tangu 2007. Mwaka 2025, vita na kukatwa kwa misaada ya Marekani vilidhoofisha kinga hiyo. Huduma ikianza kulipiwa, mtoto mwenye malaria hufikishwa akiwa mahututi, mama hujifungulia nyumbani, na jamaa huuza mbuzi au shamba. Kwa wakimbizi wa ndani walioacha mashamba yao, hata cha kuuza hakuna. Huduma ya bure inapaswa kudumu mpaka watu warudi kulima na waweze kuchangia.