Kuzidisha Mabano Mawili: Somo Lianzie Shambani

Mwanachuo mmoja, katika zoezi la chuoni, alizidisha (x + 3)(x + 2) akapata x² + 6. Baadaye, akiwa katika mafunzo ya vitendo huko Bariadi, alimwekea alama ya kosa mtoto aliyeandika kuwa 13 × 12 ni 106, wala hakuweza kumweleza alipokosea. Sisi tuliokuwa tumeketi nyuma ya darasa tuliona kwamba kosa la mwalimu na la mtoto ni moja.

Watoto wengi wa Simiyu hulijua shamba la pamba kabla ya kuijua aljebra. Basi tuwatoe nje na kamba na vijiti, tupime mstatili wenye urefu wa hatua 13 na upana wa hatua 12. Urefu tuugawe 10 na 3. Upana tuugawe 10 na 2. Kamba mbili zikikatiza shamba, hupatikana vipande vinne: 100, 20, 30 na 6. Jumla ni 156. Mtoto wetu alilima kipande kikubwa na kile kidogo kabisa, akaviacha viwili vya ubavuni: hatua za mraba 50 zimebaki pori.

Sasa mahali pa 10 tuweke x. Vipande ni x², 2x, 3x na 6. Viwili vya katikati ni vya aina moja, hivyo hujumlishwa: x² + 5x + 6. Wako walimu wanaokariri mishale ya ubaoni tu; mishale hiyo huwachanganya mara bano moja linapokuwa na vitu vitatu. Shambani vipande huwa sita, basi. Wala njia hii si ngeni: al-Khwarizmi, ambaye kitabu chake cha karne ya 9 kimetupa neno aljebra, naye alithibitisha kwa kuchora miraba na mistatili.

Mwanachuo na ahakikishe jibu lake kwa namba, lakini asichague sifuri. Ikiwa x ni 0, hata x² + 6 hutoa 6, likaonekana sahihi. Achague 1: 4 × 3 ni 12, ilhali x² + 6 hutoa 7.

Kutoa kunahitaji uangalifu zaidi. Katika (10 − 3)(10 − 2), tukiondoa ukanda wa 30 na ukanda wa 20, kipande cha 6 kilicho kwenye pembe kimeondolewa mara mbili. Hapana budi kukirudisha mara moja: 100 − 30 − 20 + 6, yaani 56. Kwa hili tutumie karatasi na mkasi, shamba halikatwi.