Mama anyonyeshaye anaposafiri kwa ndege

Ndugu msomaji, leo tunazungumza na akina mama wanaonyonyesha. Waume nao wasikilize.

Mama mmoja wa Ruangwa alipitia Nachingwea na Masasi hadi Mtwara, akapanda ndege kwenda Dar es Salaam kwa siku nne. Mtoto wake wa miezi mitano alibaki kwa bibi. Usiku wa kwanza matiti yalijaa hadi yakauma. Akaambiwa maziwa yaliyolala ndani ya titi yameharibika, asiyaguse. Siku ya tatu akapata homa, titi limevimba na kuwa jekundu. Aliporudi, mtoto alikwishaanzishiwa uji kabla ya wakati wake.

Ndugu zangu, maziwa hayaozi ndani ya titi. Kinacholeta maradhi ni kuyaacha yajae bila kuyatoa. Ukiwa mbali na mtoto, kamua kila baada ya saa tatu hivi.

Si lazima uwe na pampu. Nawa mikono kwa sabuni. Weka kidole gumba juu ya titi na cha shahada chini, nyuma kidogo ya chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, kisha bana na uachie. Usivute chuchu. Kinga maziwa kwenye chombo safi chenye mfuniko.

Mahali penye ubaridi usiozidi nyuzi 25, maziwa hukaa saa 4. Joto letu la Lindi mara nyingi hupita hapo, basi usingoje. Kwenye deli lenye vipande vya barafu hukaa saa 24, kwenye friji siku 4. Yakishayeyuka usiyagandishe tena. Mtoto anyweshwe kwa kikombe safi. Anza kukamua na kumzoesha wiki mbili kabla ya safari.

Uwanjani, jua kwamba tangu mwaka 2006 safari nyingi za nje zimewekewa kikomo cha mililita 100 za maji katika mzigo wa mkononi. Maziwa ya mtoto huruhusiwa zaidi ya hapo katika viwanja vingi. Yaweke peke yake, umwambie mkaguzi mapema. Kama mtoto hayupo nawe, uliza shirika la ndege kabla ya siku ya safari. Ukiwa naye, mnyonyeshe ndege inapopaa na inapotua. Kumeza humpunguzia maumivu ya masikio.

Jambo jingine: andika jina na tarehe kwenye chombo, hasa ukihifadhi katika friji ya watu. Katika madhehebu ya Shafii, mtoto wa chini ya miaka miwili akinywa maziwa ya mama mwingine mara tano mbalimbali huwa mwanawe wa kunyonya, hata kama yalikamuliwa. Kosa la friji laweza kuja kuharamisha ndoa.

Wala usiache swala kwa sababu maziwa yamechuruzika nguoni. Ni tohara, na hayatengui udhu.

Ukiona homa na titi jekundu lenye maumivu, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, na usiache kukamua.

Baba, Surat al-Baqara aya ya 233 inataja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha, na matumizi ya mama imeyaweka juu yako. Deli na barafu ni katika matumizi hayo.