Mpelelezi Asiye na Nchi

Wajapani, ambao hadithi zao za mapigano ziitwazo manga hufuatwa leo hata na vijana wa hapa kwetu Tandahimba, kusini mwa Tanzania, katika vioo vya simu zao, wanayo ada isiyo na huruma katika biashara hiyo: jarida la Shonen Jump, lililoanza kutolewa mwaka 1968, limezoea kuwataka wasomaji warudishe kadi za posta kueleza hadithi zilizowapendeza, na hadithi ikosayo kura hukatwa, pengine katika miezi michache ya uhai wake, shujaa akiwa hajamaliza hata kisasi chake cha kwanza. Mhakiki ajapo kuitia mizanini, hukuta hukumu ya umma imekwisha pita. Afrika ya Mashariki haikuwa na kadi za namna hiyo, lakini ilikuwa na senti za msomaji, na senti hizo, katika miaka ile ile ya mwisho ya 1960, zilimtawaza shujaa mmoja wa picha ambaye enzi yake haikutimiza muongo, na ambaye, kwa maoni yangu, hajapata bado kuhukumiwa kwa insafu.

Jina lake lilikuwa Lance Spearman, na wasomaji walimfupisha wakamwita Spear. Makao yake yalikuwa gazeti la African Film, lililotolewa na Drum Publications, shirika la Jim Bailey wa Afrika Kusini, na kuuzwa Afrika ya Mashariki na ya Magharibi. Spear hakuchorwa, alipigwa picha. Alikuwa mtu wa makamo mwenye ndevu za kidevuni, kofia ya Panama, tai ya kipepeo na biri mdomoni, mwendeshaji wa gari la Corvette Stingray. Wasaidizi wake walikuwa Sonia, binti hodari wa bastola, pamoja na kijana mdogo Lemmy. Rafiki yake katika polisi alikuwa Kapteni Victor. Na miongoni mwa mahasimu wake alikuwamo jambazi Rabon Zollo. Mwenye sura ya Spear, Jore Mkwanazi, alikuwa mpiga piano wa klabu ya usiku kabla ya kamera kumgeuza mpelelezi.

Yafaa nieleze kwanza ugumu wa sanaa hii, kwa sababu wengi waliomdharau Spear hawakuutazama. Mchoraji wa manga ana uhuru usio na mpaka: akitaka ngumi iende kasi, huifuatisha mistari ya upepo, akitaka jitu liogopeshe, hulirefusha mkono kupita kiasi cha maumbile, na kisanduku kimoja cha picha aweza kukipasua kikameza sahifa nzima. Mpiga picha hana ruhusa hiyo. Mwili ulio mbele yake ni mwili wa mtu, na ngumi iliyonaswa na kamera ni mkono uliosimama hewani. Mchongaji wa mpingo wa uwanda wetu huu wa Makonde, anapotaka shetani wake aonekane akijinyonganyonga, huupinda mti wenyewe. Mpiga picha wa African Film hakuwa na cha kupinda ila mahali pa kusimama. Kwa hiyo aliishusha kamera hadi magotini ili adui aonekane mrefu kama mnara, akaacha nusu ya uso gizani, akakata tendo katikati, hata msomaji akalazimika kulikamilisha pigo mwenyewe katika nafasi nyembamba iliyo baina ya picha na picha. Aidha, maneno ya gazeti yalikuwa ya Kiingereza, na si haba waliolinunua ambao Kiingereza chao kilikuwa cha kubahatisha. Hao walibebwa na picha peke yake, nayo iliwafikisha.

Lawama iliyomwandama Spear ni kwamba alikuwa mwigo wa James Bond, ambaye Ian Fleming alimleta duniani mwaka 1953 na sinema zikamsambaza tangu 1962. Ni kweli, wala mwigo huo haukufichwa. Lakini naiona lawama nyepesi. Sinema za zama hizo zilimpa Mwafrika kazi ya kubeba mizigo nyuma ya Tarzan. Katika African Film daktari alikuwa Mwafrika, mkuu wa polisi Mwafrika, na hata mwovu mwenye akili za kutisha alikuwa Mwafrika; na heshima ya kuruhusiwa kuwa mwovu mwenye akili si ndogo kama inavyodhaniwa.

Lawama nzito ni nyingine: Spear hakuwa na nchi. Gazeti lake lilikuwa mali ya shirika la nchi ya ubaguzi, na picha zake zilipigwa kusini mwa Afrika, walakini ndani yake hamna pasi za kutembelea, hamna mtaa uliokatazwa. Mji wake hauna jina. Bidhaa iliyokusudiwa kuuzwa katika dola nyingi ilipaswa isiudhi hata moja. Hapa Tandahimba, siku hizo sehemu ya wilaya ya Newala, vita havikuwa vya karatasi: tarehe 25 Septemba 1964 FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walianza mapigano huko Chai, ng'ambo ya Ruvuma, wakimbizi walivuka mto kuja upande wetu, na mwaka 1970 Wareno walileta jeshi kubwa juu ya uwanda wa Mueda katika vita walivyoviita Fundo la Gordia. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu 1963. Katika yote hayo Spear hakupata kazi hata moja.

Faraji Katalambulla, mwandishi aliyekwisha kujipatia jina kwa Simu ya Kifo mwaka 1965, aliichukua sanaa yenyewe akaihamishia kwetu katika gazeti lake la Film Tanzania. Lakini jibu kamili zaidi la lawama hiyo ya kukosa nchi, nionavyo mimi, lilikuja bila picha: mwaka 1974 Elvis Musiba alitoa Kufa na Kupona, na mpelelezi wake Willy Gamba, mpenda starehe na mwepesi wa bastola kama Spear, akatumwa Nairobi kwa ajili ya siri za wapigania uhuru wa kusini. Wahakiki walipomfikia Gamba walimtazama mavazi, vinywaji na wanawake, wakamshitaki kwa kosa lile lile la kumwiga Bond.