Jembe Litalala Wapi?

Vijana wa Kasongo na Kabambare, tunapoanza shamba la pamoja tunauliza kwanza: mbegu itatoka wapi? Ni swali zuri. Lakini kuna lingine tunalosahau: jioni, jembe litalala wapi?

Katika inchi yetu ya machimbo swali hili ni kubwa. Beshi na piki za shamba ndizo zinazotafutwa shimoni. Kijana anaazima leo, kesho anasema: "Iko kwa rafiki." Mvua ikirudi, watu 20 wanabaki na majembe 6. Hapo shamba limekufa, na udongo hauna kosa.

Na shimo halina ahadi. Huko Namoya kampuni Banro ilianza kutoa dhahabu kwa biashara mwaka 2016. Mwaka 2019 kazi ikasimama. Wenye mpunga na muhogo walikuwa na pa kurudia. Basi tupange hivi.

Kwanza, udongo. Kwa sheria ya mwaka 1973 udongo ni mali ya Serikali, na kibali cha madini kinaweza kufunika hata shamba lenu. Mbele ya kujenga, ongeeni na mwenye udongo na mkubwa wa kijiji, muandike karatasi, mashahidi watie mikono. Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inatambua haki ya mwenye shamba kulipwa akiharibiwa. Lakini asiye na ushahidi atasema nini?

Pili, choreni shamba juu ya karatasi. Depo iwe pahali pa juu, karibu na njia na nyumba ya mtu anayelala pale. Choo kikae upande wa chini, metre 30 mbali na kisima. Kiwanja cha kuanikia mpunga kiwe kando ya depo: mvua ikija ghafula, mnakimbiza mpunga ndani.

Tatu, jengeni. Kwa watu 20, nyumba ya metre 3 kwa 4 inatosha. Fanyeni kiangazi, Juni mpaka Agosti, matofali yakauke. Msingi wa mawe, mlango mmoja, kufuli nzuri. Mabati yakikosa, nyasi nene zinafaa. Mbegu zilale juu ya kitanda cha miti, mbali na ukuta, kwa sababu ya panya na mchwa. Dawa ya wadudu isilale pamoja na mbegu wala chakula.

Nne, utaratibu. Tundikeni kila chombo ukutani, na kwa makaa mchore umbo lake. Jioni, pahali patupu patasema penyewe. Unguzeni namba kwenye mpini. Kaye iandikwe: jina, namba, siku. Mwenye ufunguo asiwe mwenye kaye. Mbele ya kufunga, toeni udongo, kausheni, pakeni mafuta ya mawese kidogo, kutu isile chuma.

Tena, kila mavuno mtenge beseni moja la mpunga kwa ajili ya mhunzi. Katika 1 Samweli 13 tunasoma kwamba Israeli hawakuwa na mhunzi, ikawabidi kunoa majembe kwa adui zao. Asiyetunza chombo chake atalima kwa ruhusa ya mwingine.

Kwa hiyo juma hili, mbele ya kugawa mbegu, hesabuni majembe. Ni mangapi? Na yamelala wapi?